Kiingereza Bila Kidole

Kwenye sherehe ya kuniaga walinipa redio, blanketi na hotuba ndefu mno, kisha mwalimu mmoja kijana akaniomba niandike mambo ya kazi ili wao wanaobaki wajifunze. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuninyamazisha kwa adabu. Amejiponza mwenyewe, maana nimeshika kalamu na sina tena kengele ya kunikatiza. Vyeo nilivyopata havina hadithi ndani yake, na mshahara wa ualimu mnaujua wenyewe, kwa hiyo naanzia siku niliposimama kwa mara ya kwanza mbele ya darasa la tano, shule moja ya udongo karibu na Nshamba, enzi za Mwingereza, nikiwa na cheti kipya na ndevu za kuhesabika.

Mimi ni mtoto wa Buhembe. Kwa kuwa kwetu ukipanda kilimani unauona mji wa Bukoba, nilijihesabu mtu wa mjini, na kupelekwa Nshamba niliona ni kutupwa. Nilishuka kwenye lori la kahawa nikiwa nimevaa viatu vilivyopigwa rangi mpaka vinang'aa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Sudi, alikuwa Mwislamu wa Bukoba mjini ambaye baba yake alitokea pwani akaolea kwetu, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa ulimi. Alinipokea kwa kuviangalia viatu.

"Vizuri sana. Vya nani?"

"Vyangu, Mwalimu."

"Basi vivue uvitie sandukuni. Mvua ya hapa haijui mtu amesoma wapi."

Sikumsikiliza, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa natembea peku nikitafuta kiatu cha kushoto kwenye tope. Huyo Mwalimu Sudi ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa mambo mengine.

Vifaa vyetu sitaki kuvipamba. Ubao ulikuwa mbao za kawaida tulizozipaka makaa yaliyotwangwa na kuchanganywa na maji ya majani, kila Ijumaa, na kila Jumatatu mikono ya darasa zima ilikuwa myeusi. Chaki ikiisha tuliandika kwa muhogo mkavu. Muhogo unaandika vizuri tu, ila panya nao wanaupenda, na asubuhi nyingine nilikuta vifaa vya somo vimeliwa. Ukutani tulikuwa na picha moja tuliyoletewa kutoka ofisi ya elimu, ya mtaa wa Ulaya wenye theluji. Watoto walitaka kujua nani alimwaga unga wote ule na kama alichapwa.

Darasa la tano lilikuwa jipya na la majaribio. Kabla ya hapo watoto wa pale waliishia la nne, wakarudi nyumbani kuchuma kahawa. Kiingereza kilianza la tano, na serikali ilisema wazi kwamba mkaguzi atakuja, atawasikiliza, na asiporidhika darasa litafungwa. Kwa wavulana huo ungekuwa msiba wa kawaida, maana wengine wangepata shule za mbali. Kwa Kokugonza ungekuwa mwisho. Alikuwa msichana pekee darasani. Baba yake alikuwa Uganda akitafuta maisha, na babu yake, Ta Byabato, kama tunavyowaita wazee kwetu, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani. Mzee alikuwa amekubali asome kwa sababu shule iko chini ya kibanja chake cha migomba, akisimama mlangoni anaiona. Shule ya mbali alishasema hapana, na Ta Byabato akisema hapana huwa haongezi neno.

Kokugonza alijua yote hayo. Alifika wa kwanza kila siku, akafagia, akakaa mbele kabisa na kunitazama kama vile Kiingereza chote kingeweza kunitoka kwa mara moja akakosa pa kukidakia. Nilimpenda mtoto yule, na nilimwogopa kidogo.

Somo la kwanza kwenye kitabu lilikuwa vile vineno vya kuonyeshea vitu. Sisi tuna hiki kilicho kwangu, hicho kilicho kwako, kile cha mbali, halafu kila ngeli ina vya kwake. Mwingereza aliyetawala huku na huku duniani ana vinne tu: *this* na *that* kwa kitu kimoja, *these* na *those* kwa vingi. Kitabu ni *this*, mbuzi ni *this*, mama mkwe wako naye ni *this*. Niliwaeleza hivyo wanafunzi, na mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo Mzungu akisema *that*, hajulikani kama anasema mtu au sufuria?"

"Hajulikani. Ndiyo maana lazima anyooshe kidole."

Nilijiona nimejibu vizuri. Kitabu cha mwalimu kiliagiza hivyohivyo, kwamba mwanafunzi ashike kitu na kusema *this*, kisha akionyeshe kidole kitu cha mbali na kusema *that*. Mimi kwa uvivu nilishika chaki kila siku na kuonyesha dirisha kila siku. Baada ya muda mtoto mmoja alinijia ofisini kwa heshima zote akasema, "Mwalimu, tunaomba *this*, imekwisha." Mwingine alimwambia mwenzake afunge *that* kwa sababu upepo unaingia. Nilimweleza Mwalimu Sudi huku nimeshika kichwa. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Umewafundisha vizuri," alisema. "Ila umewafundisha chaki na dirisha. Kesho jaza meza."

Nilijaza meza: jembe, kibuyu, ndizi, yai, kiatu changu kilichobaki. Ndizi moja niliishika, nikaisema, kisha nikaipeleka kwenye kona ya mbali na kuisema tena, mpaka wakaona kwamba ndizi ni ileile, kilichobadilika ni umbali. Nyinyi mnaofundisha somo hili leo, kama hamtakumbuka kitu kingine kwenye karatasi hizi, kumbukeni kuitembeza ndizi. Darasa likaanza kwenda. Vidole vilinyooshwa kila upande, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Balaa lilikuwa linasubiri majumbani. Watoto wanapenda kujaribu kitu kipya, na kwetu kidole hunyooshewa mwizi au mbwa. Bibi zetu walitukataza kulinyooshea hata boga changa, wakisema litaoza shambani. Sasa mvulana mmoja wa darasani kwangu alikuwa amemkuta shangazi yake kaja kutembea, kamnyooshea kidole mbele ya watu, kasema kwa sauti ya darasani kwamba *that* ni mwanamke. Shangazi alibeba mzigo wake akaondoka bila kula.

Siku ya pili wazazi walijaa uwanjani. Mbele alisimama Ta Byabato, mrefu, na kabuti lake la zamani ambalo hakulivua hata juani. Mwalimu Sudi aliwakaribisha vizuri, akapitisha kahawa za kutafuna kama inavyopasa. Mzee alitafuna kwanza, akameza, ndipo akaniangalia, akaniita kwa heshima.

"Mwalimu Projesti, waitu, watoto tulikuletea wakiwa na adabu. Umeipeleka wapi?"

"Nimewafundisha Kiingereza, Ta Byabato."

"Kiingereza kinaingilia kidoleni?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kijana yule kamwonyesha kidole shangazi yake. Shangazi! Alichosema sijui, pengine kamwita nyani."

"Hapana, mzee. Alisema yule ni mwanamke."

"Sasa hilo shangazi mtu alikuwa halijui?"

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa mimi. Ta Byabato akamaliza: vidole visipokoma, kesho yake anamtoa mjukuu wake, na waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwamba na wao watawatoa wa kwao. Nilimwona Kokugonza amesimama pembeni ya tangi la maji, ndoo imejaa inamwagikia miguuni, hasogei.

Mwalimu Sudi ndiye aliyetuokoa. Hakutetea kitabu wala kunitetea mimi. Aliuliza tu, kwa upole, kwamba ikiwa mzee anataka kile kibuyu pale kwenye kizingiti na mikono yake ina kazi, anafanyaje. Ta Byabato akachongoa midomo kuelekea kwenye kibuyu. Sote tukageuka kukitazama.

"Mmekiona?" mzee aliuliza.

"Tumekiona."

"Nimeinua kidole?"

Wakakubaliana hapo hapo. Kiingereza kiendelee, lakini kwa midomo.

Walimu wenzangu, nimefundisha mambo mengi magumu, hakuna lililonishinda kwa kichekesho kama lile. Mtu hawezi kusema *that* huku amechongoa midomo. Tulijaribu kusema kwanza na kuchongoa baadaye, tukajaribu kinyume chake, mwishowe tukaafikiana: sema, chongoa, rudisha. Darasa zima lilifanya kwa pamoja kama kwaya. Mwalimu Sudi alipita dirishani, akatazama, akaendelea na safari yake. Jioni aliniambia mkaguzi asipopenda, mimi nitapelekwa Goziba, kisiwani, nikawafundishe samaki furu *this* na *that*, na darasa la tano litakuwa ghala la kahawa. Alisema akitabasamu, lakini hakuwa anatania.

Mkaguzi alikuja na gari kutoka Bukoba, Mwingereza mwekundu mwenye soksi ndefu na kiko mdomoni. Kiswahili alikijua kiasi cha kutoa amri. Wazazi nao walikuja, wakajipanga kwenye madirisha, wengine kusikiliza Kiingereza, wengine kulinda mkataba wa midomo. Ta Byabato alisimama dirisha la kati.

Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Mkaguzi alishika yai, wakalisema. Alishika mayai, wakayasema. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni na kuwaambia wamwonyeshe kitu cha mbali. Walimchagua yeye. Darasa zima lilipaza sauti, "*That is a European!*" halafu, sawasawa kama nilivyowafundisha, likamchongolea midomo.

Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi namna ile. Kiko kilimtoka mdomoni. Alidhani anabusiwa au anatukanwa, na sijui alichukia kipi zaidi. Mwalimu Sudi alimweleza taratibu habari ya desturi na shangazi na maboga. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kitabu kinasema kidole. Mtoto asiyeweza kumwonyesha kitu kwa kidole, yeye hawezi kuandika kwamba ameelewa, na darasa lisiloelewa haliwezi kuendelea. Akageuka na kumtazama aliyekaa mbele kabisa.

"Wewe. Simama. Yule mzee pale dirishani. Nionyeshe kwa kidole, sema ni nani."

Kokugonza alisimama. Yule mzee pale dirishani alikuwa babu yake. Alimtazama, akanitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama sakafu kwa sababu sikuwa na la kumpa. Akinyoosha kidole, kamvunjia heshima mlezi wake mbele ya kijiji kizima, na neno la mzee lilikuwa limeshatoka. Asiponyoosha, darasa linafungwa na yeye anarudi kwenye mibuni. Mkono wake ulikaa ubavuni. Machozi yalianza kumtiririka, na mkaguzi akafungua kalamu yake.

Ndipo dirisha la kati likawa tupu. Ta Byabato alizunguka, akaingia kwa mlango, akapita mbele ya Mwingereza kama anayepita mbele ya mgomba, akasimama mahali ambapo darasa zima na madirisha yote yangemwona. Alivua kofia.

"Kokugonza," alisema. "Aliyekataza ni nani?"

"Ni wewe, Babu."

"Basi na anayeruhusu ni mimi. Ninyooshee."

Watu wa madirishani waliguna. Mtoto alitikisa kichwa. Mzee akarudia kwa sauti ileile aliyotumia uwanjani, na safari hii sauti ilimkatika katikati. Kokugonza aliinua mkono, akanyoosha kidole na kusema, "*That is my grandfather.*" Alisema sawasawa kabisa. Kisha akakaa, akafunika uso kwa mikono.

Mkaguzi aliandika, akafunga kitabu, akamwambia Mwalimu Sudi kwamba darasa litaendelea. Aliokota kiko chake akaondoka, na nadhani mpaka leo, kama yu hai, hajui alichokiona. Sikuweza kufurahi. Wazee walikuwa wanaondoka madirishani mmoja mmoja bila kumuaga Ta Byabato, na yeye alikuwa bado amesimama katikati ya darasa langu, kofia mkononi, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

Kokugonza hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kazini. Darasa lilikuwa limepona, na yule aliyeliponyesha hakuwemo. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilisikia, watu walikuwa wanamchongolea midomo Ta Byabato akipita, wanamuuliza kama leo ameshaonyeshwa. Mwalimu Sudi alinichukua tukapanda mpaka kwa mzee. Tulimkuta anapalilia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, hata kumpigia magoti.

"Sijamkataza," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimemwambia nenda, haendi. Yuko jikoni. Hali chakula nikiwepo. Akiniletea maji anatazama pembeni. Mwalimu, mtoto huyu nimemlea mgongoni kwangu, sasa ananipitia mbali kama amevunja chungu."

Alifuta uso kwa kabuti.

"Lile somo la kidole," mzee aliuliza baadaye, "limekwisha?"

"Limekwisha, Ta Byabato. Tuko mbele."

"Lirudie. Jumatatu."

Jumatatu alikuja. Alimtanguliza Kokugonza, naye nyuma amebeba kigoda chake mwenyewe begani. Mtoto aliingia, akakaa, akalaza kichwa kwenye dawati. Mzee aliweka kigoda karibu na ubao, akakaa, akavuta kabuti vizuri magotini.

"Leo usilete jembe wala ndizi," aliniambia. "Kifaa ni mimi. Anza."

Hakuna mtoto aliyethubutu. Mzee akamchagua mvulana, yuleyule wa shangazi, akamwamuru. Mvulana alinyoosha kidole kwa woga na kusema kwa sauti ndogo kwamba *that* ni Ta Byabato. Mzee aliniuliza kama amepata. Nikasema amepata. Basi akainuka, akaburuta kigoda mpaka puani kwa mvulana, akakaa. Mvulana akaguna, akafikiri, akabadilisha: *this* ni Ta Byabato. Darasa likacheka. Mzee akarudi haraka ubaoni, wakapiga kelele *that*. Akaja tena, *this*. Akakimbilia mlangoni na kabuti linapepea, na watoto wakasimama juu ya madawati wakimwonyesha kwa mikono yote miwili. Hakuelewa hata neno moja la walichosema, ila aliijua raha yake. Mwalimu Sudi alikuja mlangoni, akabaki ameziba mdomo kwa kiganja. Wanaume waliokuwa wanakwenda gulioni walisimama dirishani kushangaa.

"Ingieni na nyie muonyeshwe!" mzee aliwaambia akihema. "Au mnaogopa kuoza?"

Hawakuingia. Lakini walicheka, na kicheko chao hakikuwa kile cha kwenye rubisi.

Kokugonza peke yake ndiye hakuinua kichwa. Ta Byabato alimwona. Aliacha mchezo, akachukua kigoda na kukibeba polepole katikati ya madawati mpaka mbele kabisa, akakaa ubavuni mwa mjukuu wake, magoti yao yakigusana. Mzee alimwinamia.

"Na huyu hapa je?" aliuliza. "Huyu ni nani?"

Tulingoja. Kokugonza hakuinua kidole. Aliinua uso, ulivyolowa vile vile, akaweka mkono wake juu ya goti la kabuti.

"*This is my grandfather*," alisema.

Ta Byabato hakujua maana yake, wala hakuuliza. Alikaa palepale kwenye kigoda, mkono wa mtoto gotini mwake, mpaka kengele ikalia.